Kujijengea mfumo endeshi kutoka kwenye chanzo: faili za chanzo mnaziweka wapi?

Mgeni_wa_Teminali

Wakuu, habari zenu.

Nimeamua kujijengea Linux yangu mwenyewe kutoka kwenye chanzo, nikifuata mwongozo wa Linux From Scratch. Patisheni mpya nimeshaikata, nimeiwekea ext4 na kuimaunti kwenye /mnt/lfs. Kabla sijaanza kupakua chochote nimekwama kwenye jambo linaloonekana dogo: hizi faili za chanzo zikae wapi?

Mwongozo unasema nitengeneze folda ya sources ndani ya hiyo patisheni mpya. Mimi naona ingekuwa rahisi zaidi kuziweka kwenye folda yangu ya nyumbani, maana ndiko kwenye nafasi. Au kwenye diski ya nje ambayo naitumia pia na Windows, ili nikivuruga ujenzi nianze upya bila kupakua tena. Au /usr/src, kwa sababu kila nikisoma habari za Unix naona chanzo kinakaa huko.

Nisipofuata mwongozo hapo kuna ubaya gani? Au ni mazoea tu ya walioandika?

Sululu

Fuata mwongozo mkuu. Sababu utaziona mbele ya safari.

Mgeni_wa_Teminali

Sululu, kuufuata nitaufuata. Ila najenga mfumo ili nielewe unavyofanya kazi, sasa nikikariri tu nitakuwa nimefanya nini?

MzeeWaMake

Swali zuri, na tofauti na mwenzangu hapo juu mimi sioni sababu ya kukungojesha. Jibu fupi: vifurushi ulivyopakua vikae ndani ya patisheni mpya, vyote kwenye folda moja, bila kuvigawa kwenye vijifolda. Sababu yake iko hatua kadhaa mbele ya hapo ulipo, ndiyo maana ukisoma ukurasa wa kupakua peke yake unaona kama amri isiyo na maelezo.

Ujenzi huu una vipindi viwili. Kipindi cha kwanza unafanya kazi ukiwa kwenye mfumo unaoutumia sasa, kama mtumiaji anayeitwa `lfs`. Unakompaili kompaila ya muda na zana chache za kuanzia. Kipindi cha pili unaingia kwa `chroot`, na hapo ndipo mambo yanabadilika: kile kilichokuwa /mnt/lfs sasa ndicho mzizi, yaani `/`. Kilichoko nje ya patisheni hiyo hukioni tena. Folda yako ya nyumbani haipo. /usr/src ya mfumo wa zamani haipo, iliyopo ni ya mfumo mpya na ni tupu. Ila /mnt/lfs/sources ipo, na jina lake sasa ni /sources. Na sehemu kubwa ya vifurushi vinajengwa katika kipindi hiki cha pili, siyo cha kwanza. Ukiweka chanzo nyumbani utaendelea vizuri kabisa mpaka siku ya kuingia chroot.

Najua kitakachofuata kichwani mwako: "nitaweka simlinki". Ukifanya hivi

`ln -s /home/mimi/chanzo /mnt/lfs/sources`

itakubali, na kipindi cha kwanza itafanya kazi. Ukishaingia chroot inakufa, kwa sababu simlinki ni maandishi tu ya njia, na njia inayoanza na `/` inasomwa kuanzia kwenye mzizi uliopo wakati huo. Kwenye mzizi mpya hakuna /home/mimi.

Kama kweli nafasi ndiyo tatizo, tumia bind maunti, yaani folda moja ionekane pia mahali pengine, kabla ya kuingia chroot:

`mkdir -v /mnt/lfs/sources`
`mount --bind /home/mimi/chanzo /mnt/lfs/sources`

Hiyo inavuka chroot salama. Ukizima kompyuta na kuiwasha tena lazima uirudie. Lakini kwanza jiulize kama nafasi ni tatizo kweli. Vifurushi vyote vya mwongozo kwa pamoja ni kama nusu gigabaiti. Mwongozo wenyewe unataja gigabaiti 10 kuwa kiwango cha chini cha patisheni na 30 kuwa kiwango cha kustarehe. Kinachokula diski ni folda ya GCC, yaani kompaila yenyewe, ikiwa katikati ya ujenzi, na hiyo unaifuta ukimaliza.

Kuhusu kutovigawa kwenye vijifolda, fungua ukurasa wa GCC uone. Ukiwa ndani ya folda ya GCC unaambiwa ufungue MPFR, GMP na MPC (maktaba za hesabu ambazo GCC inazihitaji) humo humo, na amri inasema `tar -xf ../mpfr-...`. Viraka navyo vinaitwa `patch -Np1 -i ../jina-la-kiraka.patch`. Zile nukta mbili zinadhani kila kitu kiko ngazi moja juu. Ukipanga kwa herufi, au viraka ukavipa chumba chao, kila amri utakuwa unairekebisha kwa mkono. Wanaopenda usafi wa folda wavumilie tu hapa.

Mgeni_wa_Teminali

MzeeWaMake, shukrani sana. Hapo kwenye chroot nimeelewa. Na ile `chmod -v a+wt` ambayo mwongozo unaifanya kwenye folda ya sources ni ya nini? Mbona ruhusa wanaifungua kwa kila mtu?

MzeeWaMake

Ile `t` ndiyo inayolinda. Inaitwa stiki biti. Kwenye folda yenye stiki biti kila mtu anaweza kuandika faili mpya, ila kufuta au kubadili jina la faili anaweza mwenye faili, mwenye folda, au root. Ukiangalia /tmp kwa `ls -ld` utaona `drwxrwxrwt`, ni ruhusa ile ile, 1777. Inahitajika kwa sababu aliyepakua anaweza kuwa root, na anayefumua vifurushi katika kipindi cha kwanza ni mtumiaji `lfs`. Huyo `lfs` lazima aweze kutengeneza folda humo na kuifuta, lakini asiweze kufuta kifurushi chenyewe.

Kuna lingine watu wanalipita haraka. Kama ulipakua ukiwa mtumiaji wa kawaida, faili zitakuwa na namba yako ya mtumiaji, tuseme 1000. Kwenye mfumo mpya namba hiyo haina mtu. Siku utakapomtengeneza mtumiaji wa kwanza kwenye mfumo mpya, anaweza kupewa 1000, na bila kuomba atakuwa mmiliki wa chanzo chako chote. Ndiyo maana matoleo ya karibuni ya mwongozo yanakwambia ufanye hivi (`$LFS` ni kigezo kinachoshika njia ya patisheni mpya, kwako /mnt/lfs):

`chown root:root $LFS/sources/*`

Usitegemee kwamba utarekebisha baadaye. Kabla ya kuingia chroot kuna hatua ya kurudisha umiliki kwa root kwenye usr, var, etc, tools na nyinginezo, lakini sources haimo kwenye orodha hiyo.

Bi_Kompaila

Naomba nichangie kwenye diski ya nje, maana hapo hajajibiwa.

Mgeni, tofautisha kifurushi na mti wa chanzo uliofumuliwa. Hapo ndipo watu wengi wanachanganya, na ukishatofautisha maswali yote matatu uliyouliza yanajijibu. Kifurushi cha .tar.xz ni faili moja. Ruhusa, simlinki, mihuri ya muda, vyote vimefungwa ndani yake. Kinaweza kukaa kwenye flashi ya FAT32, kwenye exFAT, kwenye seva ya mtu mwingine, popote, na hakiharibiki. Mti uliofumuliwa ni maelfu ya faili ndogo zinazotegemea tabia za mfumo wa faili ulio chini yake.

Ukifumua chanzo kwenye exFAT haya yatakukuta. Simlinki hazitatengenezwa kabisa. Ruhusa ya kuendesha haihifadhiwi kwa kila faili, inatoka kwenye namna ulivyomaunti, kwa hiyo aidha kila kitu ni programu au hakuna hata moja. Na la tatu ndilo baya kwa sababu halipigi kelele: exFAT na FAT hazitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kwenye chanzo cha kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, chini ya include/uapi/linux/netfilter, kuna faili mbili, `xt_MARK.h` na `xt_mark.h`. Ni faili tofauti zenye mambo tofauti. Ukifumua kwenye FAT ya pili inaikalia ya kwanza, na hutajua mpaka kitu kigome huko mbele kwa ujumbe usiohusiana na chochote.

Wanaojenga ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) wakiwa kwenye /mnt/c, yaani diski ya Windows, wanakutana na hilo hilo, pamoja na kasi ya konokono. Mac nayo kwa kawaida haitofautishi herufi, labda uwe umetengeneza patisheni maalumu.

Kwa hiyo diski ya nje: ndiyo kwa kuhifadhi nakala ya vifurushi, hapana kwa kujengea. Wazo lako la kutopakua tena ni zuri, usiliache.

Nyundo

Bi_Kompaila amemaliza. Naongeza moja tu: jina la folda lisiwe na nafasi. Msijiundie "Mfumo Wangu" halafu mkashangaa. Skripti nyingi za configure na Makefile hazivumilii nafasi kwenye njia, maana GNU make yenyewe inatumia nafasi kutenganisha majina ya faili.

Pakua_Pole

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo na Mzee. Kuweka chanzo na mahali pa kujengea pamoja ni desturi ya huo mwongozo tu. Mifumo mingine imeshatenganisha zamani. FreeBSD chanzo cha mfumo kiko /usr/src, vinavyotokana na ujenzi vinaenda /usr/obj. Unaweza kufuta /usr/obj yote na chanzo hakijaguswa. Gentoo vifurushi vinakaa /var/cache/distfiles, na ujenzi unafanyika /var/tmp/portage. Buildroot ina BR2_DL_DIR, Yocto ina DL_DIR, na zote mbili unaweza kuzielekeza kwenye folda moja inayotumiwa na miradi mingi ili usipakue GCC ile ile kila mara.

Hata kwenye mwongozo wa LFS wenyewe utaona GCC na glibc (maktaba kuu ya C) zinajengwa ndani ya folda ya build, siyo kwenye mzizi wa chanzo chao. Glibc inakataa kabisa ukiendesha configure ndani ya chanzo. Kerneli nayo inakupa `make O=/njia/nyingine`.

Kwa hiyo mimi naona Mgeni aweke vifurushi kwenye $LFS/sources, lakini afumulie kwingine, mfano $LFS/build. Akikosea anafuta build nzima bila kuwaza.

MzeeWaMake

Pakua_Pole, kwa mtu mwenye uzoefu sina ubishi, hata mimi mfumo wangu wa pili niliufanya hivyo. Ila huyu ndiyo anaanza. Akifumulia $LFS/build, kila `../` inakuwa `../../sources/` au njia kamili, na sehemu zenyewe ni nyingi. Mwanzoni unataka amri zako zifanane na za mwongozo neno kwa neno, ili kitu kikigoma ujue kosa liko kwako na siyo kwenye marekebisho yako.

Kuhusu kufuta bila kuwaza: mwongozo unasema kila ukimaliza kifurushi ufute folda yake iliyofumuliwa. Hilo ndilo sharti la muhimu kuliko mahali penyewe. Kuna vifurushi vinajengwa mara mbili au tatu, binutils na gcc ndivyo vinavyojulikana zaidi, na kila mara mipangilio ni tofauti. Ukirudia kwenye mti ule ule wenye mabaki ya mara ya kwanza, configure inaweza kusoma majibu ya zamani na kukupa kompaila inayotafuta maktaba za mfumo usio wake. Fumua upya kila mara. Haichukui muda.

Na usihamishe mti uliofumuliwa kwa `cp -R`. Inabadilisha mihuri ya muda, na make inaamua nini kijengwe upya kwa kulinganisha mihuri hiyo hiyo. Ghafla unaambiwa automake haipo, wakati kifurushi hicho hakikuhitaji automake kabisa.

Nyundo

Pakua_Pole umetaja /usr/src ya FreeBSD, Mgeni asije akachukua hiyo akaenda nayo Linux. Kule msingi wote wa mfumo ni mradi mmoja wenye mti mmoja wa chanzo, kwa hiyo una nyumba yake. Kwenye Linux kila kifurushi kina wenyewe. Kiwango cha mpangilio wa folda, FHS, toleo la 3.0 la mwaka 2015, kinaitaja /usr/src kuwa ni ya hiari, na chanzo kinachowekwa humo ni kwa ajili ya rejea. Kwenye mfumo unaoutumia sasa, /usr/src ni mali ya meneja wa vifurushi wa hiyo distro. Huweka hedi za kerneli humo na anaweza kuzifuta akisasisha. Ukitaka mahali pako pa kudumu kwenye mfumo wa kawaida kuna /usr/local/src.

Sululu

Mnamchosha mgeni wa watu. Chanzo kiweke /tmp, ni tmpfs, kiko kwenye RAM, GCC inapaa.

Bi_Kompaila

Sululu bwana. Kujengea kwenye RAM sawa, kama unayo ya kutosha, ingawa faida yake kwenye SSD ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, maana Linux tayari inashikilia kwenye RAM faili ilizosoma karibuni, na GCC muda wake mwingi inasubiri prosesa. Kuhifadhi vifurushi kwenye /tmp ni habari nyingine. Kwanza ukizima kompyuta vimekwenda. Pili, hata pale ambapo /tmp iko kwenye diski, systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo) kwa mipangilio yake ya kawaida inafagia vilivyokaa humo bila kuguswa siku 10, na /var/tmp siku 30. Mtu anayejenga jioni jioni baada ya kazi siku 10 zinamkuta katikati. Tatu, hiyo /tmp haionekani ndani ya chroot, tumerudi kule kule.

Mgeni_wa_Teminali

Wakuu nimeshapakua, vyote viko $LFS/sources, md5sum zimekubali zote. Nimefumua binutils (asembla, linka na wenzake), nimeingia build, nikaendesha configure:

`-bash: ../configure: Permission denied`

Nimeangalia ruhusa, faili ina `x`. Mtumiaji ni lfs na folda aliitengeneza yeye. Hapa vipi?

Nyundo

Tupe matokeo ya `findmnt /mnt/lfs`.

Mgeni_wa_Teminali

`/mnt/lfs /dev/sdb3 ext4 rw,nosuid,nodev,noexec,relatime`

Kwenye fstab (faili ya mipangilio ya kumaunti) nimeandika `user,noauto` ili niweze kuimaunti bila root.

Nyundo

Ndiyo hiyo hapo. Neno `user` kwenye fstab linakuja na wenzake watatu kimya kimya: noexec, nosuid, nodev. Ruhusa ya faili haina maana tena, kwani patisheni nzima imekatazwa kuendesha programu. Ondoa `user`, weka `defaults`, kisha ukiwa root:

`mount -o remount,exec,suid,dev /mnt/lfs`

Usirudishe `exec` peke yake ukaona yamekwisha. Hizo mbili nyingine zitakuuma baadaye: `su` na wenzake wanategemea suid, na faili za vifaa hazifanyi kazi palipo na nodev. Mwongozo unaonya kuhusu nosuid na nodev kwenye ukurasa wa kumaunti, watu wanausoma wakiwa na haraka.

Na hakikisha `echo $LFS` inatoa jibu katika kila teminali unayofungua, hasa ukiwa root. Ikiwa tupu, `mkdir -v $LFS/sources` inatengeneza /sources kwenye mfumo wako wa sasa, bila kulalamika hata kidogo.

Mgeni_wa_Teminali

Imekubali. Asante sana Nyundo, inakompaili sasa hivi.

Chanzo_Wazi

Nimefuatilia uzi wote kimya, nina swali la kando. Kwa nini siku hizi tunahangaika na vifurushi vya tar? Si u-clone git ya kila mradi ndani ya sources, uwe na historia yote, ukitaka toleo jipya unavuta tu?

MzeeWaMake

Kwa sababu kifurushi cha tar cha miradi mingi ya GNU hakilingani na kilichopo kwenye git. Kwenye git hakuna `configure`, kuna configure.ac tu. Ili uitoe unahitaji autoconf, automake, libtool, pengine gettext na texinfo, ambazo katika kipindi cha kwanza huna kwenye mfumo mpya. Waliotoa toleo wameshakutengenezea na kuifungasha. Pia git haihifadhi mihuri ya muda, kila faili inapata muda wa checkout, na hapo unarudi kwenye tatizo la make nililosema juu.

Kwenye git weka vyako: skripti zako, viraka ulivyoandika, faili ya mipangilio ya kerneli, daftari la ulichobadilisha. Vitu vidogo vinavyobadilika. Vifurushi vya watu usivitie humo, hazina itavimba bure.

Chanzo_Wazi

Sawa, lakini hiyo tofauti kati ya tar na git ndiyo iliyotuletea balaa la xz mwaka 2024. Sikuitaja bure.

Bi_Kompaila

Hoja ya haki hiyo. Kwa wasioijua: matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yaliwekewa mlango wa nyuma, Andres Freund akaugundua na kutangaza tarehe 29 Machi 2024 baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kidogo kuliko kawaida. Data zenye ubaya zilikuwemo kwenye git zikijifanya faili za majaribio, lakini faili ya m4 iliyoziamsha wakati wa ujenzi ilikuwa kwenye kifurushi cha tar tu. Aliyesoma git peke yake asingeiona.

Kinachotuhusu kwenye uzi huu ni kwamba md5sum ya Mgeni kukubali imethibitisha jambo moja tu: alichopakua ndicho waandishi wa mwongozo walichokuwa nacho, hakikukatika njiani. Haikuambii kama aliyekitengeneza ni mwema. Saini za PGP zingekuwa hatua ya juu zaidi, lakini kwa xz hata saini isingesaidia, maana aliyetia saini ndiye mwenye mchezo. Kilichosaidia ni watu kuwa bado na vifurushi vile vile wakaweza kuvipasua na kulinganisha. Hiyo ni sababu nzuri ya kutofuta vifurushi vyako baada ya kumaliza. Weka na sha256 za kwako mwenyewe kando yake:

`sha256sum *.tar.* *.patch > sha256sums`

na faili hiyo iingie kwenye git ya skripti zako, mbali na vifurushi.

Mgeni_wa_Teminali

Kumbe. Nilikuwa napanga kufuta /sources mfumo ukishawaka. Niiache yote?

MzeeWaMake

Vifurushi acha, miti iliyofumuliwa futa, isipokuwa labda wa kerneli. Nusu gigabaiti siyo mzigo. Siku glibc ikikusumbua utataka kujenga ile ile, siyo iliyotoka jana. Na ukifikia hatua ya kumpa mtu mwingine mfumo wako ukiwa umeshajengwa, GPL inakudai chanzo kinacholingana na ulichompa. Toleo la 2 la leseni hiyo linakuruhusu kutoa ahadi ya maandishi badala ya kuambatanisha chanzo, lakini ahadi hiyo ni ya miaka mitatu isiyopungua. Ukimpa nakala huku umefuta vifurushi, utaitimiza kwa nini?

Mti wa kerneli una sababu yake. Ukifanya `make modules_install`, kwenye /lib/modules/ chini ya namba ya toleo lako inawekwa simlinki inayoitwa `build`, inayoelekeza mahali ulipojengea kerneli. Moduli za nje, kama za kadi fulani za mtandao, zinapita humo kutafuta hedi na mipangilio. Ukiwa ulijengea /sources/linux-6.x halafu ukaifuta, simlinki inabaki ikielekeza hewani. Kama unataka kuubakiza, badili umiliki uwe wa root kwa `chown -R 0:0`, maana mti wa kerneli ukifumuliwa na root huja na namba za watumiaji za waliofungasha. Wengine huuhamishia /usr/src baada ya mfumo kuwaka. Hiyo ndiyo /usr/src uliyokuwa unaiwaza, imepata kazi yake mwishoni. Ukiuhamisha kumbuka na kurekebisha hiyo simlinki ya build.

Pakua_Pole

Na mahali ulipojengea panabaki ndani ya programu zenyewe. Ukikompaili na `-g`, njia kamili ya chanzo inaandikwa kwenye taarifa za utatuzi, gdb inaenda kuitafuta pale pale. Anayetaka mara mbili zijengwe zifanane baiti kwa baiti ajenge kwenye njia ile ile kila mara, au atumie `-ffile-prefix-map`.

Kanyaga_Twende

Mie sijengi distro, naandika kerneli yangu kutoka sifuri. Haya yananihusu?

Nyundo

Kidogo tu. Wewe chroot huna, mfumo wako bado hauwezi kuendesha kompaila. Chanzo chako chote kikae kwenye git kwenye mashine yako, kompaila ya msalaba (inayojengea mfumo mwingine) nje ya mradi, na folda moja ya sysroot ambamo make inaweka hedi na maktaba za mfumo wako kabla ya kutengeneza picha ya diski. Chanzo kisiingie kwenye hiyo picha. Fungua uzi wako, tutakuja.

Sululu

Haya na mimi niseme la maana leo. Mgeni, kama baadaye utatumia ile bind maunti ya Mzee, kuwa macho na hatua ya bakapu. Mwongozo ukieleza namna ya kurudisha bakapu ya zana za muda unasema uingie `cd $LFS` halafu `rm -rf ./*`. Bind ikiwa bado imeshikwa, hiyo rm inapitia $LFS/sources na kufuta vifurushi vyako huko huko /home. Na $LFS ikiwa tupu, `cd` peke yake inakupeleka nyumbani kwa root, na rm inaanzia hapo.

MzeeWaMake

Sululu leo umeamka vizuri. Ni kweli kabisa. Toka kwenye chroot, `umount $LFS/sources` pamoja na dev/pts, dev, proc, sys na run, kisha `findmnt -R $LFS`. Ukiona mstari zaidi ya ule mmoja wa patisheni yenyewe, usiguse rm.

Mgeni_wa_Teminali

Bind situmii, vyote viko ndani ya patisheni, na nakala ya vifurushi nimeiweka kwenye diski ya nje pamoja na sha256sums. Binutils imemaliza, nimeifuta folda yake, sasa nafumua GCC. Hizo `../mpfr` nimeziona.